Matusi kwa Mungu yanapokuja akilini katikati ya sala: nailindaje nia yangu?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 27, niliokoka miaka mitatu iliyopita, naishi Morogoro. Tangu mwaka jana, kila nikianza kuomba yanakuja akilini matusi kwa Mungu na kwa Roho Mtakatifu, maneno ambayo mdomo wangu haujawahi kuyatamka. Nimekemea hadi sauti ikakauka. Nimefunga kavu siku tatu, mara nne. Nakesha kila Ijumaa. Hali inazidi tu. Ndugu mmoja wa maombi aliniambia nimeingiwa na roho ya kukufuru, mwingine akasema huenda nimeshatenda dhambi isiyosameheka. Tangu Pasaka sishiriki Meza ya Bwana, na usiku silali. Nitailinda vipi akili yangu katika vita hii?

Jibu: Amina, ndugu yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi, maana mtu anayejiona ameshahukumiwa hawezi kufuata maelekezo mengine yoyote.

Hujatenda dhambi isiyosameheka. Fungua Marko 3, soma mstari wa 22 hadi wa 30 bila kuruka. Waandishi walishuka kutoka Yerusalemu, wakamkuta Yesu akiwafungua watu, na kwa akili zao timamu wakatangaza kwamba anatoa pepo kwa mkuu wa pepo. Mstari wa 30 unataja sababu ya onyo lile: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu." Huo ulikuwa msimamo wao. Waliushika kwa macho makavu na kuutangaza hadharani ili watu wasimwamini Yesu, wala hakuna palipoandikwa kwamba waliogopa au walijuta. Wewe unalia kwa sababu ya maneno usiyoyataka, na unamtafuta Yesu usiku kucha. Aliyemkataa Roho kwa kusudi hahangaiki kutafuta msamaha. Na Yesu amesema katika Yohana 6:37 kwamba yeyote ajaye kwake hatamtupa nje kamwe. Uandike mstari huo mahali utakapouona, tutaurudia.

Sasa tuje kwenye ulinzi wenyewe. Shida yako si uvivu wa kupigana. Umepigana kupita kiasi, kwa silaha moja, na adui uliyemlenga hajeruhiwi na silaha hiyo.

Rabshake ukutani

Mwaka wa 701 kabla ya Kristo majeshi ya Ashuru yalikuja juu ya Yerusalemu. Habari hiyo iko 2 Wafalme 18 na 19, na ningependa uisome yote kabla hujalala leo. Msemaji wa mfalme wa Ashuru, anayeitwa kwa cheo chake Rabshake, alikuja akasimama kwenye mfereji wa birika la juu, kwenye njia iendayo uwanja wa dobi, karibu kiasi cha kusikika na watu waliokaa juu ya ukuta. Wakuu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, wakamsihi azungumze Kiaramu, lugha ya mabalozi siku zile, ili raia wasielewe. Akakataa. Akapaza sauti zaidi, kwa Kiyahudi, lugha ya nyumbani kwao: Hezekia anawadanganya, Mungu wenu hawezi kuwaokoa, miungu ya mataifa mengine imewaokoa akina nani?

Tazama mahali aliposimama. Yuko nje ya ukuta, lakini anasema lugha ya walio ndani. Ukifumba macho utadhani ni jirani yako anasema. Ndivyo linavyokuja wazo la matusi. Linakuja kwa Kiswahili chako, kwa sauti ile ile ya ndani unayohesabia chenji dukani, nawe unahitimisha kwamba ni lako.

Amri ya mfalme ilikuwa neno moja: "Msimjibu." Mstari wa 36 unasema watu wakanyamaza kimya, hawakumjibu hata neno. Hawakunyamaza kwa kuogopa. Mtu wa namna ile hatafuti hoja, anatafuta kusikilizwa, na kila jibu humpa nafasi ya kuendelea. Baadaye ilipofika barua ya vitisho, Hezekia aliichukua, akapanda nyumbani kwa BWANA, akaikunjua mbele za BWANA (19:14). Alisema na Mungu. Lakini kwa Rabshake hakusema neno.

Na kabla ya barua ile Mungu alikuwa ameshajibu kwa kinywa cha Isaya, 19:6: usiyaogope maneno uliyoyasikia, ambayo watumishi wa mfalme wa Ashuru wamenitukana mimi. Mungu aliliandika tusi kwenye hesabu ya aliyelitoa. Hezekia aliyasikia yote, neno kwa neno, na hakuhesabiwa hata moja. Tafadhali rudia kuusoma mstari huo polepole, kwa kuwa ndani yake mna jibu la nusu ya swali lako.

Hali yako si mpya kanisani. John Bunyan, mhubiri wa Bedford huko Uingereza aliyeishi 1628 hadi 1688, aliandika mwaka 1666 jinsi alivyoandamwa na sauti ya ndani iliyomwambia amuuze Kristo, mezani, kazini, kitandani, mpaka akaamini yeye ni Esau wa Waebrania 12. Miaka 12 baadaye, 1678, akatoa kisa cha msafiri Mkristo anayepita bonde la uvuli wa mauti: mmoja wa waovu anamnyemelea kwa nyuma, anamnong'oneza makufuru sikioni, na Mkristo anadhani yametoka moyoni mwake mwenyewe. Bunyan anaongeza kwamba msafiri huyo hakuwa na busara ya kuziba masikio wala ya kutambua makufuru yametoka wapi. Hayo aliyaandika mtu aliyeyapitia na akatoka, akawa mchungaji wa maelfu kwa kalamu yake.

Kwa nini kukemea kumezidisha

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akija akilini wagonge kengele. Dubu alikuja mara nyingi tu. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa kwanza. Sababu yake inaeleweka. Ili ujue kama wazo limeondoka, lazima sehemu ya akili ikumbuke ni wazo gani. Unaweka mlinzi mlangoni anayeuliza kila dakika "Limekuja? Limekuja?", na kwa kuliulizia analiita. Ukiongeza hofu ya jehanamu juu yake, mwili unaliwekea wazo hilo alama ya hatari, na kitu chenye alama ya hatari huletwa mbele kabla ya vingine vyote.

Kwa hiyo unapokemea saa mbili mfululizo, ni saa mbili za kumsikiliza Rabshake.

Sisemi kukemea hakuna mahali pake. Yesu alimwambia Shetani aende zake. Paulo kule Filipi alivumilia siku nyingi yule kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, kisha akageuka na kuamuru mara moja kwa jina la Yesu (Matendo 16:18). Angalia kipimo: amri moja, fupi, kwa mamlaka, dhidi ya pepo aliyekuwa ndani ya mtu mwingine na kujionyesha wazi. Hakuna mahali katika Agano Jipya ambapo mwamini anaambiwa akemee kila wazo linalopita kichwani mwake.

Fikira ni za aina mbalimbali, na kila aina ina dawa yake

Katika Kigiriki, neno ambalo Paulo analitumia kwa "fikira" pale 2 Wakorintho 10:5, *noema*, linapatikana mara 6 tu katika Agano Jipya, na mara 5 ziko ndani ya waraka huo mmoja: fikira za Shetani tusizokosa kuzijua (2:11), fikira zilizotiwa uzito (3:14), fikira zilizopofushwa (4:4), fikira za kutekwa nyara (10:5), fikira zinazoweza kuharibiwa kama za Hawa (11:3). Mara ya sita ni Wafilipi 4:7, ambako Biblia yetu inasema "nia zenu", na huko hazipigani. Zinahifadhiwa na amani ya Mungu. Kitenzi cha hapo ni cha askari wanaolinda mji. Filipi ulikuwa koloni la Kirumi lenye wanajeshi wastaafu, waliisikia lugha hiyo vizuri.

Nalo neno "ngome" katika 10:4 lisikupeleke kwenye mizimu ya mlimani. Paulo mwenyewe analifafanua mstari unaofuata: ni mawazo, ni hoja zilizoinuka juu ya elimu ya Mungu. Ngome ni uongo uliokaa muda mrefu hadi ukajijengea ukuta wa sababu. Na "kuteka nyara" ni kumkamata mtu hai na kumpeleka kwa jemadari. Askari hagombani na mateka njiani.

Wazo la kwanza, na ndilo lako, ni tusi tupu. Halidai jambo la kupimwa ukweli wake. Ni uchafu uliotupwa ukutani. Dawa yake ni kutojibu na kuendelea na ulichokuwa unafanya. Tuchukue mfano wenyewe. Umepiga magoti, umeanza "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe", na hapo hapo tusi linapita. Usisimame. Usirudi mwanzo wa sala. Usitikise kichwa, usiseme "nakataa, nakataa". Neno linalofuata ni "ufalme wako uje". Liseme hilo, kwa sauti ya kawaida, na endelea hadi amina. Ikiwa tusi linaendelea chinichini kama ngoma ya mtaa wa pili, acha lipige. Wewe unaomba.

Mara moja kwa siku, asubuhi, fanya alichofanya Hezekia na barua. Sema hivi au kwa maneno yako: "Bwana, maneno haya unayasikia. Siyataki. Nayakunjua mbele zako, na hukumu yake nakuachia wewe." Mara moja inatosha. Ukijikuta unataka kuisema tena saa nne, na tena saa saba kwa sababu "ya asubuhi haikutoka vizuri", acha. Hapo ndipo mtego mwingine unapoanza.

Nikueleze yatakayoharibika, ili usikate tamaa. Siku za kwanza kelele huongezeka. Anayebisha mlango aliokuwa akifunguliwa kila mara, siku asipofunguliwa hubisha kwa nguvu zaidi kabla hajachoka. Jipe wiki tatu bila kupima matokeo kila jioni. Kosa la pili ni kuomba uhakikisho kwa kila mtu: "Je, nimekufuru? Una uhakika?" Nafuu yake hudumu nusu saa, kisha unahitaji mtu mwingine wa kumuuliza. Nimekujibu hapo juu kuhusu Marko 3. Jibu hilo halitabadilika kesho, huna haja ya kuliuliza tena. Kosa la tatu ni gumu kuliona kwa sababu limevaa vazi la imani: mtu anaacha kukemea kwa sauti, anaanza kusema "damu ya Yesu" mara saba kimoyomoyo kila tusi linapopita, na akikosea hesabu anaanza upya. Ndugu, damu ya Yesu ilimwagika mara moja, na nguvu yake haitokani na idadi ya kuitaja. Ukilazimika kuitaja mara saba ndipo upumue, umeigeuza kuwa hirizi ya maneno.

Wazo la pili ni uongo unaodai jambo: "Mungu amekukataa." "Wewe hukuokoka kweli." Hili hujibiwa, na hujibiwa kwa namna ya Mathayo 4. Majaribu matatu, majibu matatu, kila moja "Imeandikwa", yote kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Kila jibu lilikuwa sentensi moja au mbili. Yesu hakuhubiri jangwani. Na kumbuka kwamba Ibilisi naye alinukuu, Zaburi 91, akiitoa mahali pake. Hivyo mstari ulioung'oa kwenye sura yake unaweza kukuumiza. Soma sura nzima kabla ya kuuchukua mstari.

Chukua daftari la kawaida, gawa ukurasa safu tatu za kusimama. Ya kwanza: saa, na hali yako (umelala saa ngapi, umekula nini, ulikuwa wapi). Ya pili: wazo kwa maneno yake halisi, bila kulisafisha. Ya tatu iache tupu. Andika kwa siku 14, usiku mara moja, si zaidi ya dakika 10, na matusi usiyaandike. Daftari hili ni la uongo tu. Mwisho wa siku 14 utakuta mambo mengi uliyoandika ni sentensi tatu au nne zinazovaa nguo tofauti. Hizo ndizo ngome zako. Sasa jaza safu ya tatu: kila ngome mstari mmoja wa Maandiko, mfupi wa kuweza kukaa kinywani. Kwa "Mungu amekukataa" tayari unao, Yohana 6:37. Kwa "umehukumiwa" kuna Warumi 8:1. Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alikusanya karibu mistari 500 ya namna hii akaipanga kwa aina 8 za mawazo. Wewe anza na minne. Jibu mara moja, kisha inuka ufanye kitu cha mikono: osha vyombo, fagia uwanja, chota maji. Ukibaki umekaa unasubiri kuona kama jibu limefanya kazi, umeshafungua mjadala.

Utafahamu pia kuwa si kila sauti inayokuumiza ni ya adui. Roho Mtakatifu akihukumu dhambi hutaja jambo: uongo ule uliomwambia fundi, deni lile. Na hutaja mlango wa kutokea: rudisha, omba msamaha. Mshitaki wa Ufunuo 12:10 hutaja mtu mzima, "wewe ni mchafu", na haonyeshi mlango. Likikujia la kwanza, tii leo leo.

Aina ya tatu, tamaa na kisasi, hukuiuliza, kwa hiyo nitapita haraka. Yakobo 1:14 anasema inavuta kwa kitu kilichomo ndani yetu tayari. Hiyo haijibiwi wala haiachwi ipite. Hukimbiwa, kwa miguu, kama Yusufu alivyoacha vazi mikononi mwa mke wa Potifa.

Mlinzi aliyelala njaa

Hapa nitasisitiza, kwa sababu katika barua yako ndipo nilipoona hatari kubwa kuliko matusi. Kufunga kavu siku tatu mara nne, mkesha kila wiki, na usiku mwingine usingizi haupo. Mlinzi wa lango akikaa siku tatu bila kula wala kulala ataona maadui hata kwenye vivuli.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli kwa ushindi, ametishwa na Yezebeli, amekimbia mwendo mrefu, amekaa chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumhubiria wala malaika hakumkemea pepo wa mauti. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu, baada ya siku 40.

Kwa hiyo kwa mwezi mmoja nakuomba usimamishe kufunga kavu na mikesha. Ukitaka kufunga, acha mlo mmoja wa mchana, siku moja kwa wiki, ukinywa maji. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Lala saa nne usiku, na kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa nane mchana. Ukiamka katikati ya usiku usilazimishe maombi ya vita. Soma Zaburi moja kwa sauti ya chini, kunywa maji, rudi kitandani. Na atakayekuambia kufunga zaidi na zaidi ndiko kutakakokufungua, kumbuka Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliofundishwa kufunga hadi kumwona Yesu.

Kagua pia dawa unazotumia. Efavirenz, iliyotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, hujulikana kwa kuleta ndoto kali na za kutisha. Mefloquine ya malaria nayo huweza kuleta ndoto mbaya, hofu na wasiwasi. Kama unatumia mojawapo, usiiache mwenyewe. Mweleze mhudumu wa kliniki yako, zipo nyingine.

Kuhusu simu, sina maneno mengi. Ilale chumba kingine, nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Vipande vya video vya shuhuda za kuzimu na unabii wa vitisho viache kabisa kwa sasa, hata kama vinatoka kwa watumishi unaowapenda. Unamlisha Rabshake maneno ya kusema.

Nyumba isiwe tupu

Yesu anasema katika Mathayo 12:44 kwamba pepo mchafu akirudi aliiona nyumba tupu, imefagiwa, imepambwa. Kosa la nyumba ile lilikuwa utupu. Ratiba yako ya sasa ni ya kufagia tu.

Asubuhi, kabla ya simu, dakika 15: Zaburi kwa sauti ya kusikika, kisha ile sala ya barua, kisha shukrani tatu za mambo halisi ya jana (umeme haukukatika, mama amepona kikohozi). Wafilipi 4:6 inaweka shukrani ndani ya ombi, kabla ya amani ya mstari wa 7, na wengi wanairuka. Zaburi 5 kwa siku zinamaliza zote 150 kwa siku 30, ila ukichoka soma moja. Adhuhuri, dakika 2, rudia mstari wa juma ukiwa umesimama. Usiku, pambio au wimbo mmoja unaoujua kwa moyo. Mistari ikariri mmoja kwa juma, si mitano. Kama una lugha ya nyumbani, Kiluguru, Kihehe au nyingine, jaribu kuusema na kwa lugha hiyo. Lugha aliyokubembelezea bibi hushika mahali ambapo Kiswahili cha ibadani hakifiki.

Kuna watu wanaosema kila asubuhi "navaa chapeo, navaa dirii". Si vibaya. Lakini Paulo anatuambia chapeo yenyewe ni nini, 1 Wathesalonike 5:8: tumaini la wokovu. Mavazi hayo ameyatoa Isaya 59:17, ambako anayeyavaa ni BWANA mwenyewe. Ukivikwa chapeo ya Mungu, kichwa chako kinalindwa na wokovu alioutenda yeye.

Milango ya kukagua, na watu wa kuwaendea

Waefeso 4:26-27 unataja mlango mmoja kwa jina: hasira iliyolala na wewe humpa Ibilisi nafasi. Kama kuna mtu hujamsamehe, huo ushughulikie. Kama nyumbani kuna hirizi au dawa ya mganga, hata iliyowekwa na wazazi kwa nia njema, iteketeze kama waumini wa Efeso katika Matendo 19:19, omba mara moja, imekwisha. Usianze kuchimba ukoo mzima hadi babu wa tano kutafuta mlango usioujua. Kwa mtu mwenye dhamiri nyepesi kama yako kazi hiyo haina mwisho.

Tafuta mtu mmoja mkomavu, mchungaji wako au mzee wa kanisa anayejua kunyamaza, mkutane mara moja kwa juma kwa wiki 6. Mwambie yote mara moja tu, bila kutaja kila tusi. Mwombe asikuhakikishie upya kila mkikutana, bali akuulize: umelala? umekula? umeomba hadi amina bila kurudi mwanzo? Akitaka fedha ya kukufungua, akikuuzia mafuta au chumvi, akikuambia uache dawa za hospitali au uhamie kambini kwake, ondoka. "Mmepata bure, toeni bure."

Tena, nenda hospitali. Mawazo machafu yanayojirudia pasipo kutakwa, yanayomlazimisha mtu kurudia sala au maneno ili atulie, ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na kwa watu wa dini mara nyingi huvaa sura ya kukufuru. Matibabu ni mazungumzo ya kitaalamu, ambayo yatafanana sana na ile kanuni ya "msimjibu", na wakati mwingine dawa, ambazo huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake yote. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa. Muhimbili na Mirembe ya Dodoma wana wataalamu. Nenda siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu, endapo utatamani kufa, endapo sauti itakuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, au ukikaa usiku mbili mfululizo bila usingizi kabisa. Paulo alisafiri na Luka, naye anamwita tabibu mpendwa. Kumwona daktari hakukuondoi vitani.

Jumapili

Limebaki moja, Meza ya Bwana. Umekaa mbali nayo tangu Pasaka ukiona huo ndio uaminifu. Soma 1 Wakorintho 11:28: mtu ajihoji, "na hivyo aule mkate". Kujihoji kunaishia mezani. Wale walioonywa Korintho walikuwa wakilewa na kuwaacha maskini na njaa. Hakuna aliyeonywa kwa matusi aliyoyasikia bila kuyataka.

Siku ya ushirika itakapofika, kula chakula cha asubuhi au fuata desturi ya kanisa lako, kaa karibu na mbele ili usipate muda wa kuahirisha. Mkate ukikaribia, tusi litakuja. Karibu nina hakika litakuja wakati huo huo, kwa kuwa ndipo unapoogopa zaidi. Usirudi kitini. Usilijibu. Nyosha mkono, pokea, ule, kisha kikombe kikifika, kipokee nacho.

Niandikie baada ya wiki tatu, ukiniambia umelala saa ngapi.